Nicol Harcus, Aliyejibu Salamu kwa Risasi

Wasifu huu unasomwa na Girzel, binti wa kwanza wa marehemu, leo Jumatano tarehe 6 Oktoba 1841, katika uwanja wa kanisa letu hapa Mto Mwekundu. Mchungaji aliusoma jana akashauri mambo ya damu yapunguzwe, maana msibani watu huja kufarijiwa. Familia ilimsikiliza kwa heshima zote, ikamkaribisha chai, na haikupunguza kitu. Marehemu mwenyewe alikuwa akisema maisha yaliyokatwakatwa ni kitoweo, si maisha.

Nicol Harcus alizaliwa tarehe 11 Novemba 1778 katika kisiwa cha Rousay, Orkney, akiwa mtoto wa tatu wa Peter Harcus na Barbara Inkster. Mzee Peter alichoma mwani ufukweni na kuuza majivu yake kwa watengeneza vioo, na joto la kazi hiyo alirudi nalo nyumbani. Watoto walijua kwa namna alivyofungua mlango kama siku hiyo kuna kipigo. Aliyewakinga wadogo alikuwa Hugh, kaka mkubwa, ambaye Nicol alimfuata kila alikokwenda. Mwaka 1793 vita vilipoanza, mabaharia wa mfalme walikuja kisiwani kukamata vijana wa kwenda manowarini. Walimpiga Hugh marungu mbele ya mama yake mpaka akaacha kukinga kichwa, wakamburuta hadi mashuani, na hakuonekana tena. Nicol alikuwa amejifukia kwenye lundo la mwani. Ofisa mmoja alilichomachoma lundo lile kwa upanga, na ncha ikampasua Nicol chini ya sikio. Hakulia. Kovu lile mlilizoea wote, na wajukuu walidanganywa kwamba aliumwa na samaki.

Elimu aliipata katika shule ya parokia, majira ya baridi tu, kwa mwalimu aliyefundisha kwa mkanda. Siku moja alimwaga wino, na mwalimu akamvunja kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole kilipona kikiwa kimepinda, na tangu hapo alishika kalamu kama mtu anayebana kaa la moto. Miaka mingi baadaye, jina la Nicol lilipoanza kusikika, mwalimu yule alimwandikia akiomba kofia ya manyoya kwa ajili ya zamani. Marehemu alimtumia kofia nzuri sana ya biva, mnyama wa mtoni, isiyo na doa, kipimo cha mtoto mchanga.

Juni 1796, ili yasimkute ya kaka yake, alijiandikisha katika kampuni ya manyoya, akavuka bahari hadi Ghuba ya nchi hii ya baridi, kisha akapanda mito kwa mashua hadi boma la Maji Meupe. Mkuu wa boma, Bwana Cursiter, alikuwa akitetemeka mikono kwa pombe, hivyo akamkabidhi Nicol kalamu ya shajara. Alimwambia, "Kila siku andika upepo, baridi, nani kaja, kaleta nini. Ya moyoni mwandikie mama yako." Nicol alitii agizo hilo maisha yake yote. Ndiyo maana shajara zake, hata zile za kuvuka milima zilizosomwa London, zinasomeka namna hii: "Upepo kaskazini. Lavergne amemng'ata Tammas sikio na kuondoka nalo. Samaki wachache."

Huyo Lavergne alikuwa mkuu wa boma la wapinzani, ng'ambo ya mto, na Tammas alikuwa mtu wetu. Vijana wa siku hizi mnaosikia habari za ushindani wa biashara mnadhani ni bei. Walikatiana nyavu, walipasuliana mitumbwi, walilisha mbwa wa wenzao sumu. Majira ya baridi ya mwaka 1800 watu wa Lavergne walimvizia mtu wetu njiani, wakamvua viatu vya theluji na kumwachia miguu mitupu. Alikutwa ameketi chini ya msonobari, mgumu kama gogo. Watu wetu nao hawakuwa malaika. Walimkamata mmoja wao, wakamtumbukiza kwenye tundu la barafu, wakamtoa, wakamtumbukiza tena, mpaka wakachoka kucheka. Nicol alikuwa mmoja wa waliocheka, na aliliandika.

Sasa yanakuja mambo ambayo mchungaji aliyawekea alama.

Tarehe 19 Mei 1801 Lavergne alisimama ukingoni kwake akapiga kelele kwamba kesho boma letu litakuwa majivu. Bwana Cursiter akaamuru mzinga mdogo wa langoni ushindiliwe marisau na vipande vya misumari. Nicol ndiye aliyeushindilia. Kesho yake Lavergne hakuja. Waliokuja ni Wakrii wa misituni, watu waliofanya biashara na boma letu tangu enzi za baba zao, na mitumbwi yao imejaa manyoya ya majira yote ya baridi.

Kama ilivyo desturi mpaka leo, walisimama kwanza nyuma ya kona ya mto. Wakanawa, wakavaa vizuri, wakapaka nyuso rangi, ndipo wakatokea wote pamoja wakiimba na kufyatua magobori yao hewani. Gobori lililolia ni gobori tupu: mgeni anasema nimefika, na sikuja na shari. Boma nalo hujibu kwa mzinga, baruti peke yake, kusema karibuni. Siku hiyo Nicol alikuwa amepewa heshima ya kujibu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, amevaa shati safi, furaha imemjaa. Akatia moto. Marisau ya jana yalikuwa yamemtoka kabisa akilini.

Kwenye mtumbwi wa mbele, omo, kwenye ncha yake ya mbele, alikuwa amesimama kijana aitwaye Pihew, mwenye koti jekundu, mkono juu akisalimia. Kifua chake kilifunguka chote. Nyuma, kwenye tezi, alikuwa amekaa kaka yake, Mahkesis, ameshika kafi. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikwenda pamoja na mpini. Mtumbwi ukajaa maji mekundu, na manyoya yakaanza kuelea.

Mahkesis aliogelea hadi ufukweni, akapanda mpaka langoni na kipande cha kafi mkononi, akaanza kumpiga Nicol nacho. Alimvunja taya na mbavu, na angemmaliza. Watu wa boma wakaelekeza bunduki zao, zenye risasi. Watu wa mitumbwini wakanyanyua zao, tupu. Hapo Mahkesis aliacha kupiga. Alisimama akihema, damu ikimchuruzika kwenye vidole vilivyobaki, akasema maneno ambayo Nicol alitafsiriwa baadaye.

"Tulimwaga baruti yetu kwa adabu. Ninyi mkaitunza yenu."

Bwana Cursiter aliijua desturi ya kumfunika maiti kwa zawadi ili kisasi kisimfuate muuaji. Alitoa mablanketi, masufuria, tumbaku na pipa la ramu, akavipanga miguuni mwa mama yake Pihew. Mama huyo aliitwa Wapisiw, mjane, mfupi, meno yamelika kwa kutafuna ngozi. Alivitazama vile vitu, kisha akaligusa sufuria moja kwa ncha ya kiatu.

"Hili linawinda?"

"Mama, hii ni rambirambi yetu," Bwana Cursiter alisema.

"Nimeuliza linawinda? Yule pale ndiye aliyekuwa ananiletea nyama. Nipeni mtu, msinipe vyombo. Nani alitia moto?"

Macho yote yalikwenda kwa Nicol, aliyekuwa amelala tope limejaa kinywani.

"Huyo mwenye taya linaloning'inia? Haya. Msimamisheni, namchukua."

Mahkesis akamgeukia mama yake. "Unamchukua umfanye nini?"

"Nimfanye mwanangu. Nafasi iko wazi."

"Mimi simwiti mdogo wangu."

"Sijakwambia umwite. Nimekwambia usimuue."

Akafungua mzigo wa mwanawe, akatoa shati la ngozi aliloshona mwenyewe, akamvalisha Nicol juu ya damu yake. Shajara ya siku hiyo inasema: "Upepo kusini. Barafu imekwisha mtoni. Leo nimemuua mtu." Baada ya hapo ziko kurasa tupu za majira mazima, kwa sababu kule alikopelekwa wino uliganda na taya lilikuwa likimuuma.

Ndani ya hema la Wapisiw hakuna aliyeitwa jina lake. Mtu alikuwa mama, mjomba, kaka, mdogo wangu. Asiyeitwa kitu alikuwa mpita njia. Wapisiw alimwita Nicol mwanangu tangu jioni ya kwanza. Watoto wa jamaa wakamwita baba mdogo. Mahkesis alimwita "wewe." Wewe, leta kuni. Wewe, umekanyaga kamba. Wewe, huyo siyo kulungu, ni kisiki. Marehemu alimwambia mkewe, na mkewe amewaambia wanawe, kwamba hapakuwa na kitu alichokitamani duniani kama kusikia Mahkesis akimwita mdogo wangu. Kaka mmoja alishanyang'anywa kwa marungu. Huyu wa pili alikuwa amejiharibia mwenyewe, kwa mkono wake, siku ya salamu, na alimtaka kwa moyo wake wote.

Uwindaji haukuwa fani yake. Msimu wa kwanza alimletea mama yake mpya sungura wawili na homa. Lakini alijifunza, na tangu mwaka wa tatu nyama haikukosekana kwa Wapisiw, hata Nicol aliporudishwa bomani kuwa karani na baadaye mkuu wa boma.

Tarehe 2 Septemba 1804 alimwoa Nipin, binti wa mwindaji wa ziwani, kwa desturi ya nchi. Kwa desturi hiyo kaka mkubwa ndiye humsemea bwana harusi. Nicol hakuthubutu kuomba. Wapisiw ndiye aliyemsukuma Mahkesis mlangoni, naye akaingia, akaketi mbele ya wakwe, akavuta kiko chote, kisha akasema, "Mtu huyu anamtaka binti yenu. Hapigi wanawake. Akimwona dubu hakimbii, ingawa angekimbia ingekuwa nafuu. Zaidi ya hayo msiniulize." Wakwe walisema hawajawahi kusikia posa mbaya namna ile, wakamtoa binti. Mchungaji wa kwanza alipofika bomani mwaka 1823 aliwafungisha tena ndoa ya kikristo, na alipomuuliza Nipin kama anamkubali mwanamume huyu, Nipin alimtazama Nicol, akawatazama watoto wanne waliokaa mstari wa mbele, akasema, "Bwana huyu amechelewa kuuliza."

Mwaka 1809 kampuni ilimtuma marehemu kutafuta njia ya kuvuka milima mikubwa hadi mito inayotiririka magharibi. Wapisiw alimwamuru Mahkesis aende naye, kwa maneno haya: "Nimeshazika mmoja. Wa pili sitaki kuletewa habari zake na mgeni." Walikwenda watu tisa. Kwenye kipito cha juu walivamiwa alfajiri na wapiganaji wa nyandani, ambao hawakutaka bunduki ziwafikie maadui zao wa ng'ambo ya milima, na ukitazama vizuri hawakukosea. Wanne wetu waliuawa kabla hawajavaa viatu. Nicol alipigana kwa shoka dogo la kuni. Alimkata mtu mmoja shingoni, shoka likakwama kwenye mfupa, na ikabidi amkanyage mtu yule kifuani akiwa bado anamtazama ndipo alitoe. Hilo hakuliandika. Alimsimulia Girzel mara moja tu, akiwa na homa, akilia kama mtoto.

Mahkesis alipata mshale wa paja. Nicol alimbeba mgongoni kuteremka korongo lote, wakila ngozi za viatu walizochemsha, na nyuma yao walisikia majeruhi mmoja aliyeachwa akimalizwa. Walipofika mtoni alimlaza kwenye mchanga, akamtazama usoni, akangoja.

"Usidhani," Mahkesis alisema.

"Sijadhani kitu."

"Umedhani. Nimekuona."

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hawa wawili walikula viatu pamoja na walikuwa karibu kufa pamoja, na bado mmoja alibaki "wewe." Marehemu aliendelea mbele na watatu waliosalia, Mahkesis akichechemea kwa fimbo, akafika mto wa magharibi, akauchora. Kile kipito alikiita Mlango wa Pihew. Ramani ilipochapwa London kilipewa jina la bwana mmoja ambaye hata kilima hajawahi kupanda. Mabwana haohao walitaka kuzitoa shajara kuwa kitabu, kwa sharti kwamba siku ya salamu iondolewe, kwani wasomaji wasingempenda msafiri aliyeua mgeni langoni. Marehemu aliwajibu kwa mstari mmoja kwamba basi kitabu hakuna, na wazirudishe.

Mwaka 1820 surua ilipita ikifagia mahema. Iliwachukua watoto wawili wa marehemu, Barbara na Tammas, katika juma moja, na maiti nyingine zilikaa juu ya theluji kwa kukosa wa kuchimba. Mbwa wenye njaa walizigombea. Marehemu na Mahkesis walilinda kwa zamu na marungu, wakiua mbwa waliowalea wenyewe. Wapisiw naye aliugua. Aliwaita wote wawili, akamwambia Mahkesis, "Mwite."

"Mama, niombe kingine."

"Sina kingine."

Nicol ndiye aliyekatiza. "Usimlazimishe, mama. Likija lije lenyewe. La kulazimishwa sitaki." Wapisiw aliwaambia wote wawili ni wapumbavu, mmoja kwa kunyima, mwingine kwa kungoja, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Walimzika pamoja, wakapokezana sururu kwenye ardhi iliyoganda.

Mwaka 1824 marehemu alistaafu, akaja kulima hapa Mto Mwekundu. Mahkesis alikuja kumtembelea juma moja na akakaa miaka kumi na saba. Alisimika hema lake mwisho wa shamba, akala meza moja nasi, akawafundisha watoto kutega mitego, akampiga ngumi jirani mmoja aliyesema marehemu ni muuaji. Jirani huyo yupo hapa leo, na ananyoosha taya. Watoto walimwita Mahkesis baba mkubwa, naye aliitika. Nipin hakumwachia.

"Niambie, unakuwaje baba mkubwa wa watoto wa mtu ambaye si mdogo wako?"

"Watoto hawakuua mtu."

"Na mimi unaniitaje?"

"Nakuita ukipika."

Nipin alicheka mpaka akashika mlango. Marehemu naye alicheka, kisha akatoka kwenda kuwaangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshaangaliwa.

Agosti mwaka huu, akiwa na miaka sitini na miwili na kukatazwa na kila mwenye mdomo, marehemu aliandamana na wawindaji wa nyati. Farasi wake aliingiza mguu kwenye tundu la mnyama, akamrusha, na nyati jike akampitia. Mfupa wa paja ulitoka nje ya nyama. Alirudishwa kwa mkokoteni, safari ya siku nyingi, magurudumu yakilia na yeye akilia nayo. Jeraha likageuka donda ndugu, na nyumba nzima ikanuka. Tarehe 27 Septemba daktari alisema mguu utoke. Alilazwa kwenye meza ya chakula karibu na dirisha, mchana, akanyweshwa ramu. Nipin alishika kichwa. Girzel alishika mguu wenyewe, ule wa kuondoka. Mahkesis alimlalia kifuani kwa uzito wake wote, pua kwa pua.

"Sasa sema," marehemu alimwambia. "Nikifa je?"

"Hufi."

"Nikifa?"

"Ng'ata ngozi. Daktari anangoja."

Daktari alikuwa na msumeno mzuri na haraka ndogo. Familia haitasimulia zaidi, si kwa ajili ya mchungaji, bali kwa ajili ya Nipin aliyekaa hapa mbele. Marehemu aliishi siku sita. Alidai shajara na kalamu, akaandika kwa kidole chake kilichopinda: "Upepo magharibi. Mguu umetolewa. Mahkesis yupo."

Jumapili tarehe 3 Oktoba, kengele ya kanisa ikiwa inalia, alifumbua macho akauliza Mahkesis yuko wapi. Alikuwa nje anapasua kuni. Mjukuu alikimbia kumwita, naye alikuja mbio, shoka bado mkononi. Alimkuta Nipin ameshamfumba macho mumewe. Mahkesis alisimama mlangoni, akafungua kinywa, akakifunga, akarudi kwenye kuni. Alizipasua mpaka giza, na kuni zile zitatutosha mpaka Krismasi.

Jana Girzel alimfuata huku uwanjani na karatasi hii. Mahkesis alikuwa ndani ya kaburi hili mnaloliona, akichimba peke yake, baada ya kuwafukuza vijana wa kanisa kwa koleo.

"Baba mkubwa, naandika walioachwa. Wewe nikuandikeje?"

"Andika jina."

"Jina kila mtu analo. Wote nimewaandika ni nani kwake."

Aliendelea kuchimba.

"Nikuandike rafiki?"

"Hakuwa rafiki yangu."

"Jirani?"

"Usinitukane, mwanangu."

"Basi niambie mwenyewe, kwa sababu uongo siandiki juu ya kaburi la baba yangu."

Aliegemea koleo. Bila kuinua uso alisema, "Andika amemwacha kaka yake."

Girzel aliandika, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Alimuuliza kwa nini basi hakumwambia, miaka arobaini yote, hata juu ya ile meza.

"Nilijua atangoja," Mahkesis alisema. Akasugua uso kwa mkono wenye udongo. "Andika na hilo. Andika kwamba sikumwambia. Halafu usome kwa sauti, watu wote wasikie. Mimi nitakuwa nimesimama."

Girzel alimkasirikia, na anaposoma haya bado amemkasirikia, na anampenda, na ameandika kama alivyoambiwa.

Marehemu Nicol Harcus, aliyeitwa mwanangu na mama yake wa pili, ametangulia na kuacha mke wake, Nipin. Watoto wake Girzel, Hugh, Peter na Jean. Wakwe zake, na wajukuu kumi na mmoja. Dada yake, Marian, huko Rousay, ambaye barua haijamfikia. Na kaka yake, Mahkesis, aliyesimama pale upande wa udongo, ambaye hakumwambia.

Mungu ampokee kwa upole, na apumzike.